Miaka Hamsini Ndani ya Nusu Saa

Bwana Asilimia alikuwa na tabia ya kugonga kaunta kwa flashi kabla hajasalimia, ko ko ko, kama daktari anayepima kifua. Manukato yake yalishaingia dukani zamani, yeye anafuata nyuma. Jina lake halisi liko kwenye kadi, ila pale kwenye duka la mabango hakuna aliyewahi kulisoma. Walimwita Asilimia kwa sababu mdomo wake haujui kusema "watu wengi". Atakwambia asilimia themanini na mbili. Muulize kama ameshiba, atakupa asilimia.

"Dada Mashine! Mambo ya Jumamosi ndiyo haya." Akaisukuma flashi, ikateleza mpaka ikagonga kikombe cha chai. "Mabango kumi na mawili. Mgeni rasmi anakuja, waandishi wanakuja. Nataka rangi zipige kelele."

"Zitapiga kaka. Kesho upite usaini sampuli."

"Sampuli ya nini tena? Mimi na wewe tumeanza leo?"

Dada Mashine akanyoosha kidole ukutani tu. Juu ya mashine Bosi alikuwa amebandika kibao chake, herufi nyekundu: KILICHOSAINIWA NI KILICHOSAINIWA. Kuna jamaa aliwahi kuchapiwa bango la harusi lenye tarehe ya mwaka uliopita, akaja kuwatoa watu roho. Tangu hapo kila mteja anapewa karatasi yenye mabango yake yote yakiwa madogo. Anaangalia, anasaini. Akishasaini, hata bibi harusi akiwa na ndevu, atatoka na ndevu zake. Sheria nzuri, tatizo moja: wateja wanasaini kama wanafukuza nzi.

Asilimia akaondoka, manukato yakabaki.

Basi, Dada Mashine akachomeka flashi. Mwanamke huyu ana miaka kumi na mmoja na mashine ile, pana kama kitanda cha watu wawili, na harufu ya wino ilishahamia kwenye nywele zake ikajenga. Kwa kazi hiyo analisha nyumba: yeye, watoto wake wawili, na mama yake mzazi.

Maonyesho yenyewe yaliitwa TULIKOTOKA, TULIPO. Mabango kumi na moja yalikuwa mistari. Mstari wa wanaojua kusoma, unapanda. Wanaopata maji safi, unapanda. Watu wanaofika kuota mvi, unapanda. Halafu mmoja mwekundu, mrefu, unashuka kama mtu anayeteleza mlimani: watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano, dunia nzima. Dada Mashine hakuwa na ugomvi na mistari. Tena ule mwekundu aliutazama kwa muda, kwa sababu nyumbani kwao unajulikana hata bila kuchorwa.

Akafungua bango la kumi na mbili.

Hilo lilikuwa na picha mbili. Kulia, LEO: jiko jeupe pee, vigae mpaka darini, msichana ameshika mwiko anacheka na sufuria tupu. Jiko ambalo halijawahi kuunguza hata maji. Picha imetolewa kwenye tangazo la duka la samani, na waliposahau kukata, kipande cha bei kilikuwa bado kinachungulia pembeni.

Kushoto, nyeusi na nyeupe: MIAKA HAMSINI ILIYOPITA. Bibi kainama kwenye mafiga matatu, moshi umemvaa, nguo imechanika begani, paji la uso lina masizi. Dada Mashine akasikitika kidogo kama watu wote wanavyosikitika, yaani sekunde mbili, halafu akaikuza picha aone kama haitapasuka ikiwa kubwa.

Akaona ufa wa ukutani. Ufa wenye tawi, kama manati. Ufa ule anaufahamu, aliwahi kuuziba mwenyewe kwa simenti, ukafumuka tena. Akashuka na kipanya taratibu, huku moyo unakataa, mpaka kwenye sikio la yule bibi. Ndewe imechanika. Hereni ilinasa kwenye kamba ya nguo, mwaka juzi.

Mwaka juzi! Huyu "bibi wa miaka hamsini iliyopita" ndiye aliyemfungia chapati asubuhi ile na kumwambia asisahau mwavuli. Miaka hamsini iliyopita Mama alikuwa na miaka kumi na mmoja, anaruka kamba.

Lakini ngoja, hiyo ilikuwa picha moja tu. Asilimia alikuwa mvivu wa kupanga mafaili yake, kwa hiyo kwenye flashi kulikuwa na picha zote za siku waliyomtembelea Mama, zaidi ya mia, kila moja na saa yake. Dada Mashine akazifungua kwa mfululizo.

Saa nne na dakika nne. Mama amevaa gauni lake la bluu, la heshima, amesimama karibu na jiko lake la gesi, lile la mezani lenye moto huku na moto huku. Mkono ameuweka juu ya jiko kama mtu aliyeshika bega la mtoto wake siku ya kumaliza shule. Anacheka mpaka pengo linaonekana.

Saa nne na dakika tisa. Jiko limetoka mezani. Kuna mkono wa mwanamume umebeba mtungi.

Dakika ya kumi na tatu. Balbu imetolewa, waya umekunjwa nyuma ya boriti. Dakika ya kumi na tano, bomba la maji limefunikwa gunia. Dakika ya ishirini, Mama hana gauni la bluu tena. Amevaa ile nguo anayopigia deki. Meno hayaonekani. Dakika ya ishirini na sita, mafiga. Na zile kuni chini ya chungu, zimenyooka, zina misumari... Dada Mashine akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Zilikuwa mbao za banda la kuku. Mama alimwambia kuku wenyewe walilivunja!

Dakika ya thelathini, kuna kidole. Kidole tu, kimeingia pembeni mwa picha, cheusi kwa masizi, kinampaka Mama kwenye paji la uso. Mama amefumba macho kama mtoto anayepakwa dawa. Pete ya kwenye kile kidole anaijua. Ilikuwa kwenye mkono uliogonga kaunta kwa flashi muda ule.

Saa nne na dakika thelathini na tano. Picha ya bango.

Dada Mashine akanyanyuka, akaenda mlangoni, akatema mate mtaroni. Halafu akatema tena, yale ya kwanza hayakutosha.

Nyumbani alimkuta Mama anapiga pasi. Gauni la bluu limelala mezani, linapigwa pasi mpaka lilikuwa linaomba msamaha. Pembeni amekaa jirani yao, yule wanayemwita Redio kwa sababu hazimwi.

"Karibu mtoto wa mtu maarufu!" Redio akapayuka. "Sisi Jumamosi tunakwenda wote. Wamama kumi na wanane, nimewahesabu. Mimi nakaa mbele. Picha ya mama yako ina ukubwa gani? Kama mlango?"

"Kama ukuta," Dada Mashine akasema, sauti haina chumvi.

"Umesikia? Kama ukuta! Na jiko lake!"

Mama akatabasamu bila kuinua macho. Sasa hili jiko lazima mtu alielewe. Mama alipikia kuni miaka arobaini. Kifua chake usiku kilikuwa kinaimba kama bawaba mbovu, na macho yalikuwa yanalia hata siku asiyo na huzuni. Dada Mashine alipoleta lile jiko, Mama aliwasha, akazima, akawasha, akazima, mara saba, akasema: "Yaani mimi ndiye ninayeuamuru moto?" Kikohozi kilikata kabla mwaka haujaisha. Hajasoma, anajua namba tu, hana cheti ukutani. Cheti chake ni lile jiko. Alipoambiwa na watu wa maonyesho kwamba wanataka mtu wa kuonyesha maisha yalivyobadilika, hakushangaa hata kidogo kwamba wamemchagua yeye. Angechaguliwa nani?

Redio alipotoka kwenda kutangaza kwingine, Dada Mashine akakaa.

"Mama, Jumamosi usiende."

"Nisiende kwenye sherehe yangu mwenyewe? We una homa?"

"Nani alivunja banda la kuku?"

Pasi ikasimama. Ikasimama mpaka kitambaa kikaanza kunuka, Mama akashtuka akainyanyua.

"Walisema watapiga za namna mbili," akasema taratibu. "Hii ya kwanza nzuri, ndiyo watakayoweka. Ile ya kuni eti ya kuchekesha tu, ya kumbukumbu yao. Nikasema haya, wageni hao, nitawakatalia? Kuni hawakuzipata, wakaangalia banda. Yule mwenye manukato akasema, 'Mama, kuku hawana haraka.'" Akakunja mkono wa gauni, akaukunjua. "Kwani wameweka ipi?"

Dada Mashine alitaka kusema. Aliona mikono ya Mama ilivyoshika lile gauni, akameza.

"Bado hatujachapa," akasema.

Na kweli, walikuwa bado.

Alhamisi Asilimia akaja, ko ko ko, simu iko sikioni. Dada Mashine akamsubiri amalize, akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Kaka, huyu ni mama yangu mzazi."

Asilimia akatazama kioo, akamtazama yeye, akacheka. "Hee! Dunia ndogo. Hongera! Ana sura nzuri sana ya zamani."

"Yuko hai. Picha yenyewe ya juzi. Mlimvua nguo yake mkatoa na jiko lake nje."

"Dada, usiwe hivyo. Picha za miaka hamsini iliyopita hatuna. Nani alikuwa na kamera? Tungefanyaje, tuweke bango tupu? Mistari yetu yote ni ya kweli, ile hakuna mtu anaibishia. Picha ni ya kuipa sura tu."

"Basi mpe sura ya leo. Hii hapa, ya saa nne na dakika nne. Si ndiyo maendeleo yenyewe haya? Gesi, maji, taa."

Asilimia akavuta pumzi kama mwalimu aliyepewa darasa la wajinga. "Tukimweka na kajiko kale, watu wataona nini? Ufa ukutani, meza ya kuyumba. LEO inatakiwa ivutie. Mtu aitamani. Ya mama yako haitamanishi."

Simu yake ikalia. Akageuka, akaanza kumwelekeza mtu mpangilio wa viti, asilimia ngapi vya plastiki, ngapi vya kitambaa.

Dada Mashine alibaki na lile neno mkononi kama mtu aliyeshikishwa kamasi. Haitamanishi. Akakaa kwenye kiti. Akamfuta yule msichana wa mwiko, pamoja na vigae vyake na kipande chake cha bei. Akaweka pale Mama, gauni la bluu, mkono juu ya jiko, pengo na yote. Kushoto hakugusa chochote. Chini ya kila picha akaandika saa yake, herufi ndogo, kama zilivyo kwenye faili. Akatoa sampuli, akaiweka kaunta, kalamu juu yake.

"Kaka. Nimebadilisha picha bango la mwisho. Nimeweka ya mama yangu na jiko, na saa zilizopigwa. Angalia kabla hujasaini."

Alisema kwa sauti ya kusikika. Bosi mwenyewe alisikia, akiwa chini anakata turubai, akainua kichwa.

Asilimia akaziba simu kwa kiganja. "Eeh?"

"Bango la mwisho. Nimebadilisha. Angalia."

"Sawa, sawa, wewe ndiye fundi," akasema, akasaini, akarudi kwenye viti vyake. Hata karatasi haikuona macho yake.

Bosi akaichukua ile sampuli, akaisoma kutoka juu mpaka chini. Akamtazama Dada Mashine, akatazama kibao cha ukutani. Akaitundika kwenye msumari wa kazi zilizokubaliwa, akarudi kukata turubai.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wamama kumi na wanane walikuja kama jeshi, Redio mbele, Mama katikati na bluu yake. Mgeni rasmi alikuwa mzee mfupi wa miwani, anatembea bango kwa bango, mikono nyuma, huku Asilimia anammwagia namba sikioni. Dada Mashine alisimama karibu na lango la pembeni. Mama ataona ile ya kushoto. Hilo hakuweza kulizuia. Alichoweza ni kuhakikisha haiko peke yake.

Msafara ukafika bango la kumi na mbili. Asilimia alikuwa ameligeuzia mgongo.

"Na hapa, mheshimiwa, safari yote kwa picha mbili. Kutoka kule," akanyoosha mkono kushoto, "mpaka hapa!" Akanyoosha kulia, kwa madoido, bila kugeuka.

Mgeni rasmi akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Huyu mama ametunzwa," akasema. "Miaka hamsini, sikio lile lile!"

Watu wakacheka. Asilimia akageuka, na pale pale sura yake ikawa na rangi ya unga uliolala nje.

"Si huyu hapa jamani!" Redio akalipuka. "Mwenye jiko ndiye huyu, pisha, pisha!" Wakamsukuma Mama mpaka mbele.

Mama alikuwa anaitazama ile ya kushoto. Aliitazama kwa muda mrefu, masizi, bega lililochanika, ukubwa wa ukuta kama alivyoahidiwa. Mkono wake ukaenda kwenye paji la uso, ukafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Haya mama," mgeni rasmi akasema kwa uchangamfu ule wa mikutano, "tuambie, safari hii ya miaka hamsini ilikuwaje?"

"Fupi, mheshimiwa," Mama akasema. "Tulianza saa nne, saa nne na nusu tukawa tumefika. Saa si hizo hapo chini? Ila tulikuwa tunarudi nyuma. Tulianzia kwenye gesi, hawa vijana wakanifikisha kwenye kuni."

Halafu mgeni rasmi akacheka, ha ha ha, "mama ana vichekesho," na watu wa nyuma yake wakacheka, na mmoja akaanza makofi. Wakapiga makofi! Wote, ukumbi mzima, kama wamesikia shairi. Kisha wakaelekea kwenye meza ya soda. Dada Mashine alitamani kutema mate, ila sakafu ilikuwa imepigwa deki na mtu mwenye mgongo unaouma kama wake.

Asilimia akamfikia kwa hasira, anaongea kwa meno. "Umenifanya nini?"

"Nilikwambia uangalie. Ulisaini."

"Unajua nimefanya kazi kiasi gani? Wanaopikia gesi mtaani kwenu wameongezeka mara nne, mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba nikihesabu!"

"Na la Mama ulilihesabu?"

"Nililihesabu, ndiyo! Limo kwenye bango la saba!"

"Kwa hiyo ulilihesabu, halafu ukalitoa nje."

Akaenda zake kwenye soda, bila kuacha hata nusu asilimia nyuma yake.

Dada Mashine akamtafuta Mama. Alimkuta peke yake mbele ya bango lile la mstari mwekundu.

"Hili linasemaje? Nisomee."

Akamsomea. Mama akanyanyua kidole, akakiweka kule juu, karibu na mstari unapoanzia, pale palipo parefu.

"Kaka zako wako hapa," akasema. "Surua, wiki moja, wote wawili." Kidole kikateremka na mstari, taratibu, hakikuruka hata sehemu moja, mpaka chini. "Na wajukuu zangu hawa hapa. Walichomwa sindano, wakalia, wakanyonya, wakalala. Ndiyo basi."

"Ndiyo Mama."

"Hili ni la kweli. Hili liacheni." Akajifuta kidole kwenye gauni, ingawa hakikuwa na vumbi. "Lile lingine nalitaka."

"Lipi, lako la jiko?"

"La jiko likae watu walione. Nataka lile la masizi."

Bango lilikuwa turubai moja lenye picha zote mbili. Dada Mashine alitoa kisu cha kazi mfukoni, akakata katikati, mbele ya watu na soda zao, na hakuna aliyemuuliza. Mtu mwenye kisu cha kazi na sura ya uchovu haulizwi kitu. Akalikunja lile la masizi, wakaondoka nalo kwapani.

Jioni ile ile walilipigilia misumari kwenye banda la kuku, pale palipong'olewa mbao. Redio alishika nyundo na kutoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Turubai zuri lile, mvua haipenyi, Dada Mashine anajua ubora wake.

"Sura iwe nje au ndani?" akauliza.

Mama alishaingia kuinjika chai. Moto ukasikika, puu, mara moja tu.

"Ndani," akajibu kutoka jikoni. "Kuku wenyewe watajua la kulifanya."